Makosa Tisa ao Kosa Moja?



Ninaomba nafasi kidogo katika gazeti letu kusudi nitoe mawazo yangu juu ya jambo moja ambalo watu wanalisemea nje tu, chini ya mwembe, kiisha kengele inalia na mambo yanabaki vile vile. Ni juu ya yale maneno ambayo ordinatere inatuandikia wakati inakataa programu yetu. Tunaanza lugha mpya, tunaandika mistari yetu kumi na tano kwa uangalifu wote, tunabonyeza, na pahali pa jibu tunapata Kiingereza. Wengine wanacheka, wengine wanakasirika, wengine wananyoosha mkono na kungoja mwalimu mpaka saa inaisha. Mimi ninaona kwamba hatujaelewa maneno yale ni kitu gani, na kwa sababu hatujaelewa, tunaadhibu watu bure.

Nianze na habari iliyotokea. Zoezi lilikuwa la Pascal: kusoma pointi za masomo matatu, kuzijumlisha, kutafuta wastani. Mwenzetu mmoja (simtaji jina, na mwalimu pia simtaji, maana ninamheshimu na nitarudi kwake) alitangaza juu kabisa ya programu variabli moja aliyoiita JUMULA, kama vile sisi wote tunavyosema nyumbani. Chini, alipofika kwenye hesabu yenyewe, akakumbuka Kiswahili cha kitabu, akaandika JUMLA. Aliiandika mara tisa. Alipobonyeza, mashini ikamjibu mara tisa:

Error: Identifier not found "jumla"

Maana yake: jina hili "jumla" sikulipata pahali popote. Mistari tisa, imefuatana kama sisi kwenye mstari wa asubuhi mbele ya bendera. Na sheria ya siku ile ilikuwa: zoezi ni la alama kumi, na kila kosa ambalo mashini inaonyesha linaondoa alama moja. Hesabu haina shida. Mwenzetu alipata 1 kwa 10.

Kwenye benchi la nyuma mwingine aligawanya jumla kwa 4, na masomo yalikuwa 3. Wastani wake wote ulikuwa wa uongo, lakini mashini haikusema hata neno, maana kugawanya kwa 4 si kosa la kuandika. Yule alipoteza alama mbili tu.

Sasa ninyi wenyewe mniambie: kati ya hawa wawili, nani hakuelewa zoezi?

Jambo lililoniumiza zaidi lilitokea kiisha. Tulipotoka, Mwenzetu alirudi kwenye mashini, akafuta herufi moja, ile U ya katikati, juu kabisa katika matangazo. Akabonyeza. Ile mistari tisa yote ikapotea mara moja, na wastani ukatoka sawasawa. Lakini alama ilikuwa imekwisha kuingia katika kaye ya mwalimu kwa biki nyekundu.

Kwanza tuelewane juu ya huyo anayesema. Anayesema si ordinatere nzima. Ni programu moja inayoitwa kompilateri, ambayo kazi yake ni kusoma maandishi yetu na kuyageuza yawe amri ambazo mashini inaweza kufuata. Inasoma namna gani? Haisomi kama mwalimu wa Kifaransa anavyosoma dikte yetu. Mwalimu akiona neno limeandikwa vibaya, anajua mtoto alitaka kusema nini, kwa maana yeye mwenyewe alilisoma kwa sauti. Kompilateri haijui tulitaka kusema nini. Inatoka juu kwenda chini, neno kwa neno, alama kwa alama, na kitu inachojua ni sarufi ya lugha ile tu. Maadamu yale iliyosoma yanaweza kukaa katika sarufi, inaendelea mbele. Siku inapokuta neno ambalo haliwezi kabisa kufuata yale ya nyuma, inasimama pale na kuandika namba ya mstari.

Basi ile namba ya mstari inaonyesha pahali mashini iliposhindwa kuelewa. Haionyeshi pahali ulipokosea. Mara nyingi ni pahali pamoja, na ndiyo sababu tunadanganyika.

Aliyepanda toleka hapa Kisangani anajua jambo hili bila kufundishwa. Baiskeli inabeba mtu vizuri kutoka Mangobo, inafika karibu na soko, halafu mpira wa nyuma unaanza kulala. Dereva anashuka. Je, msumari uko pale sokoni? Anaweza kupekua mavumbi ya soko mpaka jioni. Msumari uliingia kule nyuma, labda mita mia tatu, na hewa ilikuwa inatoka polepole njiani. Soko ni pahali mpira ulipochoka tu. Lakini sisi, mashini ikisema "mstari wa 12", tunakaa juu ya mstari wa 12 saa nzima, tunaupekua, tunaufuta, tunauandika upya, na mstari wa 12 hauna kosa lolote.

Nitatoa mfano ambao karibu kila darasa linaukuta. Tazameni mistari hii ya Pascal:

if pointi >= 50 then
  writeln('Amepita');
else
  writeln('Ameanguka');

Mtu wa kawaida akiisoma, ataona ni nzuri. Lakini kompilateri ya Free Pascal inakataa, na inasema hivi:

Syntax error, ";" expected but "ELSE" found

Nilikuwa pale rafiki yangu alipopata maneno haya. Jirani yake akauliza: "Iko inaomba nini?" Mimi nikajibu kwa kiburi, maana ninajua Kiingereza kidogo: "Inaomba pwenvirgili." "Sasa umupatie basi!" Rafiki yangu akaongeza pwenvirgili moja tena mbele ya ELSE. Akabonyeza. Maneno yale yale. "Weka tena moja!" Akaweka ya tatu. Maneno yale yale. Benchi zima likaanza kucheka, na mmoja akasema mashini hii inakula pwenvirgili kama mbuzi anavyokula karatasi.

Kumbe kosa lilikuwa ile pwenvirgili ya kwanza. Katika Pascal, mbele ya ELSE ya IF hatutii pwenvirgili hata siku moja, kwa maana alama ile inafunga sentensi ya IF. Ikikwisha kufungwa, ELSE inabaki yatima, haina mzazi wa kumfuata. Kwa nini basi mashini iliomba kitu kile kile ambacho kilikuwa sumu? Hapa tuende polepole, sababu hapa ndipo penye siri. Kiisha pwenvirgili, Pascal inakubali sentensi tupu, isiyo na neno ndani. Kompilateri ilifika pale, ikasema moyoni (kama iko na moyo): "IF imekwisha. Hapa kuna sentensi tupu, sawa. Kiisha sentensi, ninangoja pwenvirgili nyingine." Badala yake ikakuta ELSE. Ikaandika kwa uaminifu kile ilichokuwa inangoja na kile ilichokuta. Haikusema uongo. Lakini haikusema dawa. Na ukiiongezea pwenvirgili, unaipatia sentensi tupu nyingine tu, na inarudi kungoja tena mpaka siku ya mwisho.

Nimeutoa mfano huu kwa urefu sababu wengi wanasema shida yetu ni Kiingereza. Tunasoma kwa Kifaransa, tunacheza kwa Lingala na Kiswahili, na mashini inatugombeza kwa lugha ambayo tunapata saa chache tu kwa juma. Ni kweli, na inaleta woga. Nimeona watu wanafumba macho mara tu wanapoona mstari wa Kiingereza, kama vile ni barua ya tribinali. Lakini siku ile mimi nilitafsiri. Nilitafsiri vizuri kabisa, na tafsiri yangu ndiyo iliyotupoteza! Ukiandika kwa Kiswahili kizuri "pwenvirgili ilingojewa lakini ELSE ilionekana", mtu asiyejua kompilateri inasoma namna gani ataongeza pwenvirgili vile vile. Hata Mwingereza wa kwao Uingereza, siku yake ya kwanza na Pascal, ataongeza. Maneno yale ni machache na mtu anaweza kuyajifunza kwa siku mbili. Kilicho kigumu ni kujua nani anasema na anajua nini.

Tena tusifikiri kwamba wanaotengeneza lugha hizi hawana habari ya mateso yetu. Pascal yenyewe ilitungwa na mwalimu wa Uswisi, Niklaus Wirth, na ilitangazwa mwaka wa 1970; alitaka lugha ya kufundishia wanafunzi, na bado tunapigana na ELSE yake. Na Python, ambayo wa darasa la mbele yetu wameanza, ilisumbua watu miaka mingi kwa kosa moja dogo. Andika hivi, ukisahau kufunga parantezi ya mwisho katika mstari wa kwanza:

pointi = int(input("Pointi ngapi? ")
print(pointi)

Katika Python za zamani, mashini ilikuwa inanyoosha kidole kwenye mstari wa pili, juu ya PRINT isiyo na hatia, na kusema tu "invalid syntax", ndiyo kusema sarufi hii haifai. Haifai wapi, haifai kwa nini, kazi kwako. Ilikuwa inangoja parantezi ifungwe, ikavuka mstari ikiwa bado inangoja, ikagonga PRINT. Ni habari ya msumari na soko tena. Tangu toleo la 3.10, lililotoka Oktoba 2021, Python inarudi nyuma na kusema parantezi hii uliyofungua hukuifunga kamwe, na inaonyesha mstari wa kwanza. Wamebadilisha kwa sababu waliwasikiliza wanaoanza. Lakini angalieni: mashini nyingi zinazofika kwetu zimekwisha kufanya kazi pahali pengine, na toleo lililo ndani ni la zamani. Kitabu kinaonyesha maneno fulani, na kioo cha mashini kinaonyesha mengine. Mwanafunzi anafikiri yeye ni mjinga. Kabla ya kufikiri hivyo, aulize kwanza ni toleo namba ngapi.

Sasa nirudi kwa ile herufi U na alama moja kwa kumi.

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, tunasoma habari ya vivuko vya Yordani. Watu wa Gileadi walisimama pale, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme neno moja: Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kulitamka, alisema Sibolethi, na kwa herufi ile moja aliuawa. Siku zile walianguka watu 42,000. Tulipofundishwa habari hii katika somo la dini nilifikiri mara moja juu ya chumba cha informatiki, na najua si mimi peke yangu. Tunaona kompilateri kama yule askari wa kivukoni: herufi moja, na shingo yako imekwenda.

Lakini nimefikiri tena, na ninaona tunaisingizia. Askari wa Gileadi hakuwa na haja ya neno. Alitaka kujua wewe ni mtu wa wapi. Kompilateri haiulizi wewe ni mtu wa wapi. JUMULA ya nyumbani na JUMLA ya kitabu, kwake ni sawasawa kabisa. Kama Mwenzetu angeandika JUMULA tangu juu mpaka chini, mashini ingepokea bila manunguniko, na wastani ungetoka ule ule. Kitu ilichokataa ni jina moja kutangazwa na jina jingine kutumiwa. (Katika Pascal hata herufi kubwa na ndogo ni mamoja: Jumla, JUMLA na jumla ni mtu mmoja. Katika Python ni watu watatu. Waliohama kutoka lugha moja kwenda nyingine wanielewe.) Na mtu akikosea, mashini haimwui. Inaandika, inangoja, inakubali kusoma tena, mara mia kama unataka, bila kuchoka na bila kukumbuka makosa ya jana. Sisi ndio tuliojisimamisha kivukoni na kisu mkononi. Mashini ilisema kitu kimoja mara tisa, na sisi tukahesabu vichwa tisa.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu walilijua kabla ya ordinatere kufika mahali popote. Walokele wa kandokando ya mto, upande wa Yakusu na Isangi, walikuwa wanatuma habari kwa ngoma ya mti. Mmisionari Mbatisti wa Uingereza aliyekaa Yakusu, John Carrington, alijifunza ngoma ile na kuandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka wa 1949. Alieleza kwamba ngoma iko na sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na inafuata kupanda na kushuka kwa lugha yenyewe. Katika Kilokele kupanda na kushuka kule ni kitu kikubwa: yeye alitoa mfano wa sentensi moja ambayo, ukiisema kwa sauti hizi, mtu alitazama ukingo wa mto, na ukibadilisha sauti, herufi zikiwa zile zile, mtu huyo amempika mama-mkwe wake. Hebu mfikiri barua ya namna ile ikifika kijijini!

Lakini ngoma inapoteza herufi na kubaki na sauti tu, kwa hiyo maneno mengi mafupi yanafanana. Mwezi na kuku ni kitu kimoja katika ngoma. Wapiga ngoma walifanya nini? Waliongeza maneno. Hawakupiga "mwezi" tu, walipiga mwezi unaotazama dunia chini. Hawakupiga "kuku" tu, walipiga kuku, yule mdogo anayelia kiokio. Maneno yalikuwa marefu, na mgeni angeweza kufikiri ni maneno ya bure, lakini urefu ule ndio uliokuwa ulinzi. Msikilizaji wa mbali akikosa kipande kimoja, kile kilichobaki kinamrudisha njiani.

Kutangaza variabli katika Pascal ni kazi ya namna ile. Wengi wananung'unika: kwa nini niandike jina juu, halafu niliandike tena chini? Ni kusema jambo mara mbili. Ndiyo, na ni kwa sababu ulilisema mara mbili kwamba mashini iliweza kuona kwamba JUMULA na JUMLA hazipatani. Jaribuni kosa lile lile katika Python, ambayo haiombi kutangaza. Mtu anaanza na jumla = 0, kisha mkono unateleza na anaandika:

jumula = jumla + pointi

Python haisemi kitu. Kwake umetengeneza variabli mpya, karibu sana. Programu inaenda mpaka mwisho, inaandika jumla, na jumla ni 0. Hakuna mstari wa Kiingereza, hakuna namba, hakuna kitu. Kama pointi zile ni za mtu, mtu yule ameanguka mwaka na hakuna aliyejua kwa nini. Mimi ninayependa kulala vizuri nitachagua ile mistari tisa.

Mwalimu wetu, tulipomwendea kwa heshima, alitujibu neno ambalo sitalificha, maana lina uzito. Alisema: siku ya Examen d'État hakuna mtu atakayewauliza mlitaka kusema nini, mzoee kuandika bila kosa. Ni kweli. Na ninakubali kwamba asiyeogopa kosa kabisa ataandika ovyo, akitegemea mashini imsahihishie. Nimewaona, nami nimekuwa mmoja wao siku nyingine. Lakini sheria ile ya kuhesabu mistari haitufundishi kuandika bila kosa. Inatufundisha kuogopa kubonyeza. Tangu siku ile kuna watu wanaoandika programu nzima wakingoja dakika ya mwisho ndipo wabonyeze, sababu wanafikiri kila kubonyeza ni hukumu. Makosa yanalundikana, na mashini ikifunguliwa mdomo inamwaga mistari thelathini, na hapo hata mwalimu mwenyewe anashindwa kujua aanzie wapi. Anayebonyeza kila mistari mitatu, kosa lake haliwezi kuwa mbali.

Na kuna ubaya mwingine unaokuja na woga huu. Tunakaa watu wanne kwa mashini moja. Mstari wa Kiingereza ukitokea, mkono wa mwenye nguvu unaruka juu ya klavie: "Toka, mimi ninajua!" Anafuta yote na kunakili upya kutoka ubaoni. Programu inapita. Aliyeiandika kwanza hakujua kosa lake lilikuwa wapi, na aliyefuta hajui pia. Mara nyingi anayesukumwa ni dada yetu mmoja aliyekuwa anaandika polepole na vizuri. Dada wawili wa darasa letu hawagusi tena klavie, wanashika kaye tu na kuandika jibu ambalo wengine wamepata. Hili halitokani na Pascal.

Ninaomba kitu kidogo. Mwalimu akisahihisha, asome lile neno la kwanza tu la mashini, alisahihishe lile, abonyeze tena, ndipo ahesabu. Ya pili mpaka ya tisa mara nyingi ni watoto wa ile ya kwanza, na hatuadhibu watoto kwa ajili ya mzazi. Hata Turbo Pascal, iliyotoka mwaka wa 1983 na ambayo baadhi ya walimu wetu walisomea, ilikuwa inasimama kwenye kosa la kwanza na kuweka mshale pale, bila kutoa orodha. Waliokuwa wanasoma kwa mashini zile walisahihisha moja, wakabonyeza, wakasahihisha moja.

Na sisi wanafunzi tusingoje mwalimu. Juma lililopita umeme ulikatika katikati ya saa, tukatoka nje na kaye zetu, tukacheza ukompilateri. Mmoja anasoma programu ya mwenzake alama kwa alama, kidole juu ya karatasi, bila kuruhusiwa kutazama mbele. Mwingine amesimama pembeni: parantezi ikifunguliwa anakunja kidole kimoja, ikifungwa anakinyoosha. Mstari ukiisha na kidole bado kimekunjwa, anapiga kelele. Tulipata makosa manne kabla umeme haujarudi, na tulicheka sana, na yule dada mmoja ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa kushika vidole.

Tena tulijaribu jambo lingine ambalo ninalipendekeza kwa wote wanaoanza lugha mpya, hata walimu: kuharibu kwa makusudi. Chukua programu nzuri inayotembea. Ondoa kitu kimoja, pwenvirgili moja, ao parantezi moja, ao herufi moja ya jina. Bonyeza, andika mashini imesema nini na katika mstari gani. Rudisha. Ondoa kingine. Kwa saa moja utakuwa umeona karibu malalamiko yote ambayo lugha ile inayajua, na safari hii wewe unajua msumari uko wapi, kwa maana ni wewe uliyeutia. Siku utakapokutana na maneno yale bila kutaka, yatakuwa uso unaoujua.

Tumenunua kaye moja ya kurasa mia, imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya mashini ya tatu. Kushoto tunaandika maneno ya mashini kama yalivyo, katikati maana yake kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili, na kuume kosa lenyewe lilikuwa nini na lilikuwa mistari mingapi nyuma. Jina la aliyekosea haliandikwi. Ukurasa wa kwanza ni wa ELSE, na nimeandika mimi mwenyewe, pamoja na pwenvirgili zote tatu. Ukurasa wa pili ni wa JUMULA. Mwenye kupata jambo lingine aje aandike, biki iko pale pale. Na aliyechukua ile biki ya bluu Jumatano, tafadhali airudishe.

Mwanafunzi wa Komersiali na Informatiki, mwaka wa 3